Mbwa mweusi na picha ya kalenda: tatizo si rangi yake

«Nina mbwa dume mweusi tii, jina lake Bosco, niliyemchukua miaka miwili iliyopita kutoka kituo cha kuokoa mbwa hapa Nairobi. Kituo hicho kinaandaa kalenda ya mwaka ujao ili kuchangisha fedha za chanjo na za kuhasi mbwa wa mitaani, na sisi tuliowahi kuchukua mbwa tumealikwa kushindania nafasi kumi na mbili za picha. Mwisho wa kupokea picha ni katikati ya Agosti, kwa hiyo nina wiki nne hivi. Ningependa sana Bosco awemo. Nimempiga picha nyingi kwa simu uani, saa za mchana, mbele ya ukuta wetu mweupe, na zote anaonekana kivuli tu kisicho na macho. Zile nilizopiga usiku sebuleni macho yanawaka kijani. Isitoshe, siku hizi akiona simu anageuza uso, analamba midomo na kupiga miayo. Jirani ananiambia mbwa mweusi hapigiki picha, hivyo nikodi kamera kubwa au nimpeleke studio. Dada yangu anasema nimvishe kofia ya Krismasi. Nifanye nini? Na je, ninamtesa?»

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Humtesi Bosco, ila anakuambia kwa njia aliyo nayo kwamba shughuli hii inamkosesha raha, na umefanya vyema kuliona hilo mapema. Mbwa anayepiga miayo ilhali hana usingizi, anayelamba midomo ilhali hakuna chakula, anayegeuza kichwa huku jicho likibaki nyuma hadi weupe wake ukaonekana, anayelaza masikio au kufyata mkia, ni mbwa anayejaribu kutuliza hali kabla haijawa mbaya. Watu wengi huzisoma ishara hizi visivyo. Miayo huitwa uvivu, kugeuza uso huitwa ukaidi, kisha mtu mmoja humshika mbwa kichwa kwa nguvu ili mwenzake apate kupiga picha. Hapo ndipo picha inapoharibika, maana hofu huonekana usoni mwa mbwa hata kwa mtazamaji asiyejua kuitaja, wala hakuna mwanga au kamera itakayoiondoa.

Jiulize Bosco anaona nini unapoinua simu. Kwa mbwa, kukodolewa macho moja kwa moja na kuinamiwa kutoka juu ni mambo ya shari, au angalau ya kutiliwa shaka. Wewe rafiki yake unamwinamia, unauficha uso wako nyuma ya kitu cheusi chenye kioo cha duara kinachomwelekea, unakaa kimya kwa kuwa umebana pumzi, halafu unaliita jina lake mara nyingi kwa sauti ambayo huitumii siku nyingine. Zile jioni za sebuleni, bila shaka flashi nayo ilimpiga machoni. Haikuchukua muda simu yenyewe ikawa kwake dalili ya usumbufu unaokuja, ndiyo maana anageuka kabla hujafanya lolote.

Kwa hiyo, siku tano au sita za mwanzo usipige picha hata moja. Chemsha ini la ng'ombe, ulikate vipande vidogo sana, kisha weka simu sakafuni na umwache Bosco aikaribie mwenyewe. Akiinusa, mpe kipande. Siku ya pili ishike mkononi usawa wa kiuno na umpe kipande. Baadaye inyanyue nusu na umpe, kisha ielekeze kwake kwa muda wa pumzi moja, mpe tena, halafu ishushe. Akigeuza uso, jua kwamba umekwenda haraka kuliko anavyoweza kustahimili, nawe urudi hatua moja nyuma bila kumkaripia. Kila kipindi kisizidi dakika tano, na kiishe angali anataka kuendelea. Akiondoka zake, usimfuate. Sauti ya kubonyeza simu nayo uizime tangu mwanzo, kwani mbwa wengi huishtukia. Watu hunilalamikia kwamba hatua hizi zinachukua muda mwingi, lakini katika kazi yangu ya kupiga picha za wanyama sijaona muda unaolipa zaidi ya huu: mbwa aliyekwisha kuizoea simu hukupa kwa dakika kumi kile ambacho mbwa mwenye hofu hatakupa kwa mwezi mzima.

Sasa tuje kwenye rangi yake. Jirani yako amekosea, ingawa ana wenzake wengi. Wanaofanya kazi katika vituo vya kuokoa mbwa husema mara kwa mara kwamba mbwa weusi hukaa muda mrefu zaidi bila kuchukuliwa, na baadhi yao hulaumu picha. Tafiti zilizofanywa Marekani juu ya jambo hilo hazikukubaliana, kwa hiyo nisingependa kulitangaza kuwa ukweli uliothibitishwa. Hata hivyo, picha mbaya za mbwa weusi ni nyingi mno, na chanzo chake kinaeleweka vizuri.

Kamera haijui kwamba mbele yake yuko mbwa mweusi. Inachopima ni kiasi cha mwanga tu, na imetengenezwa kwa dhana kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yake utapata kijivu cha wastani, yaani kitu kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Manyoya meusi hurudisha mwanga kidogo sana kuliko hapo, na ukuta mweupe unaopigwa na jua hurudisha mwingi mno. Ulipompiga Bosco picha mbele ya ukuta ule saa za mchana, simu iliona weupe umetawala, ikapunguza mwanga ili ukuta usiungue, yaani usigeuke weupe mtupu, na mbwa akazama gizani pamoja na macho yake. Ungemsogelea mpaka akajaza picha yote, ungeona kosa la upande wa pili: simu ingedhani kuna giza, ingeongeza mwanga, na Bosco angetoka kijivu kilichochujuka, tena kwa kuwa shata, yaani kifuniko kinachopitisha mwanga, hubaki wazi muda mrefu zaidi ili kukusanya mwanga huo, akitikisa kichwa kidogo tu picha ingekuwa na ukungu. Simu za kisasa hujitahidi kusawazisha kwa kupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha, lakini mbwa hakai tuli kama nyumba, na mara nyingi utaona masikio yenye kingo mbili.

Jambo la kwanza, basi, ni kuuacha ukuta mweupe. Tafuta mandharinyuma yasiyo na weupe mkali: ua wa michongoma, nyasi, ukuta wa matofali au wa mawe, mlango wa mbao uliopauka. Majani mabichi yanafaa hasa, kwa sababu yanakaribia kile kijivu cha wastani ambacho kamera inakitarajia, na mweusi hujitenga nayo vizuri. Mbwa asiegemee mandharinyuma hayo. Akiwa na nafasi ya hatua nne au tano nyuma yake, majani huwa laini bila kuhitaji ile hali ya simu inayotengeneza ukungu, ambayo kwa mbwa mwenye manyoya hukosea kingo na wakati mwingine hula ncha ya sikio au masharubu.

Jambo la pili ni mwanga wenyewe, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa kuwa ndipo penye siri ya mbwa mweusi. Manyoya meusi hayaonekani kwa rangi yake. Yanaonekana kwa mng'ao. Jua la saa sita, ambalo kwetu karibu na ikweta husimama karibu utosini, hutoa mng'ao mkali mgongoni tu na kuyaacha macho ndani ya kivuli cha paji la uso. Unachohitaji ni chanzo kikubwa cha mwanga laini, na chanzo kikubwa kuliko vyote ni anga. Mweke Bosco barazani, hatua moja tu ndani ya ukingo wa kivuli, uso wake ukielekea nje palipo wazi, nawe uketi nje, chini, usawa wa macho yake, ukihakikisha kwamba humzibii anga. Kabla hujainua simu, litazame jicho lake. Juu ya mboni utaona doa dogo jeupe, ambalo ni anga inayojirudisha humo, na doa hilo ndilo linalolipa jicho uhai katika picha. Kisha tazama bega na shingo: mng'ao wa samawati hafifu utakuwa umefuata misuli na kuuchora mwili wake wote, kutoka shavu hadi kifua. Ukimgeuza kidogo kushoto au kulia, mng'ao huo utahama. Mahali utakapoona shavu limejitenga waziwazi na shingo, hapo ndipo pa kupigia picha.

Mwezi wa Julai umekupendelea. Anga la Nairobi majira haya ya baridi hufunikwa na mawingu asubuhi nyingi, na mawingu hufanya kazi ileile ya baraza, ila yanaifanya uwanja mzima. Siku ya jua, lenga saa ya mwisho kabla ya machweo, lakini usichelewe. Machweo ya Nairobi mwaka mzima huwa kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, na kwa kuwa jua letu huteremka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, ule mwanga wa dhahabu haukai hata dakika arobaini na tano. Nchi za kaskazini wana majira ambayo mwanga huo hudumu saa nyingi, ndiyo maana ushauri mwingi unaotoka huko humwacha msomaji wa huku amekwisha kupitwa. Uwe umekwisha kuandaa kila kitu saa kumi na moja na nusu. Usimweke juani kwa muda mrefu pia, kwani manyoya meusi hunyonya joto, naye hana njia kubwa ya kujipoza isipokuwa kuhema.

Kuhema huko kunahitaji neno moja. Wengi hungoja mbwa «atabasamu», yaani afungue kinywa. Kinywa kilichofunguka kidogo, ulimi ukiwa umelegea na macho yakiwa laini, ni dalili ya utulivu, na matembezi mafupi kabla ya picha humfikisha mbwa hapo. Lakini ulimi uliotanuka na kuning'inia, pembe za kinywa zikiwa zimevutwa nyuma na ngozi ya chini ya macho ikiwa imekazika, ni dalili ya joto au ya wasiwasi. Mpe maji, mpumzishe, na siku hiyo iishie hapo.

Simu ikiwa tayari, futa kwanza lenzi kwa kitambaa laini, kwa kuwa mafuta ya vidole huufanya weusi uonekane umefunikwa na vumbi. Gusa kwenye kioo jicho lililo karibu nawe ili simu ilenge hapo, kisha buruta ile alama ya jua inayojitokeza pembeni, juu au chini, mpaka weusi uwe weusi wa kweli lakini bado uweze kutofautisha manyoya ya shavuni. Ukiwa na shaka, acha picha iwe na mwanga kidogo zaidi ya unavyotaka. Kuitia giza baadaye ni rahisi, ilhali manyoya yaliyozama gizani ukiyaangaza huja na chembechembe za rangi zisizokuwapo. Bosco akiwa na doa jeupe kifuani, angalia lisiungue kabisa. Piga mfululizo, picha nyingi kwa mkupuo mmoja, kisha mpe ini.

Usisogee karibu sana. Lenzi kuu ya simu huona eneo pana, na ukimkaribia mbwa ili ajaze kioo, pua huwa kubwa kupita kiasi na masikio hukimbilia nyuma. Ukaribu huo ndio unaoleta kasoro hiyo. Kaa mita mbili hivi kutoka kwake, na ikiwa simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta mbali, itumie. Kuvuta kwa vidole pale ambapo hakuna lenzi hiyo ni kukata picha tu: ukiikuza mara mbili picha ya pikseli milioni 12, unabaki na milioni 3, ambazo kwa kalenda ya ukutani hazitoshi.

Ili akutazame, usitumie jina lake, kwani umekwisha kulichosha. Tafuta mlio mpya, kwa mfano wa karatasi inayochakarishwa mfukoni au wa kuku unaoutoa kwa mdomo, na uuhifadhi mpaka kila kitu kiwe sawa, kwa maana mlio hufanya kazi mara mbili au tatu tu kabla mbwa hajauzoea. Mtu wa pili akisimama nyuma yako na kitu cha kuchezea juu ya kichwa chako, chagua cha buluu au cha manjano. Macho ya mbwa hutambua rangi hizo mbili vizuri, lakini mpira mwekundu kwenye nyasi za kijani humchanganya, kwa kuwa rangi hizo kwake hukaribiana.

Kuhusu macho ya kijani, hakuna ugonjwa hapo. Nyuma ya retina ya mbwa, yaani tabaka la ndani ya jicho linalohisi mwanga, kuna utando unaorudisha mwanga, ili mwanga uleule upite mara ya pili mbele ya chembe zinazouhisi. Ndio unaomsaidia kuona usiku. Flashi ya simu iko karibu mno na lenzi, hivyo mwanga wake huingia kwenye mboni iliyopanuka gizani na kurudi moja kwa moja kwako, ukiwa wa kijani au wa manjano. Programu za kuhariri zimezoea kufuta wekundu wa macho ya watu, na kwa mbwa mara nyingi hushindwa au huacha jicho likiwa doa jeusi lisilo na uhai. Zima flashi kabisa na uache kupiga picha za usiku. Ila angalia jambo moja: ikiwa katika picha nyingi, kwa pembe tofauti, jicho moja linang'aa na jingine halifanyi hivyo, au ukiona weupe wa maziwa ndani ya mboni mchana, mpeleke kwa daktari wa mifugo amchunguze macho. Huenda pasiwe na tatizo, lakini si jambo la kuamuliwa kwa kutazama picha.

Je, ukodi kamera kubwa? Kamera hiyo ina faida za kweli. Kihisi chake kikubwa, yaani sehemu inayopokea mwanga, hukusanya mwanga zaidi barazani, lenzi ndefu hukuruhusu kukaa mbali na mbwa mwoga, na unaweza kuamuru kasi ya shata mwenyewe: sehemu 1 ya 250 ya sekunde kwa mbwa aliyeketi, na 1 ya 1,000 au zaidi kwa anayekimbia. Hata hivyo, mtu anayeishika kwa mara ya kwanza siku ya picha hutumia muda wake akitazama vitufe badala ya kumtazama mbwa, na kosa la kawaida ni kufungua lenzi yote mpaka jicho likawa kali, yaani likaonekana wazi, na pua ikapotea kwenye ukungu. Ukipata rafiki mwenye kamera anayeijua, na ambaye Bosco anamfahamu, mwombe aje nyumbani na atumie upenyo, yaani ukubwa wa tundu la lenzi, wa f/4 au f/5.6. Kukodi mwenyewe sikushauri. Studio naikataa kwa mbwa huyu hasa, kwa sababu sakafu yake huteleza, imejaa harufu za wanyama na watu wasiojulikana, na taa zake hupiga mwako. Mbwa jasiri hufurahia mahali hapo, lakini mbwa ambaye tayari anaikimbia simu atarudi nyumbani akiwa ameharibika zaidi.

Simu yako inatosha kwa kalenda, na hesabu yake si ngumu. Wachapaji huomba pikseli 300 kwa kila inchi. Ukurasa wa A4 una milimita 297 kwa 210, yaani pikseli 3,508 kwa 2,480, na picha ya simu ya kawaida ya milioni 12 ina 4,000 kwa 3,000. Kinachoziua picha nyingi za mashindano ni njia ya kuzituma. WhatsApp, ukituma picha kwa njia ya kawaida, huipunguza hadi takribani pikseli 1,600 kwa upande mrefu. Ukiitandaza picha hiyo kwenye A4 unabaki na pikseli 137 hivi kwa inchi, na picha iliyoonekana safi kwenye kioo hutoka na ukungu kwenye karatasi. Itume kama dokyumenti au kwa barua pepe, bila kuipitisha kwanza kwenye mitandao.

Ulaze simu unapopiga, kwa sababu kalenda nyingi za ukutani huweka picha ya kulala juu na tarehe chini yake. Acha nafasi pande zote za masikio na mkia. Umbo la picha ya simu halilingani kabisa na umbo la karatasi ya A4, hivyo sehemu ya juu na ya chini itakatwa, na mchapaji naye hukata milimita 3 hivi kila upande. Nimeona picha nzuri zikiachwa kwa kuwa ncha ya sikio iligusa ukingo.

Kuhusu kofia ya Krismasi, nina maoni yangu waziwazi. Kalenda ina Desemba moja, na kofia hizo zitaletwa na wengi. Zaidi ya hayo, mbwa wengi wakivishwa kitu kichwani huganda, na mwenye mbwa hudhani ametulia. Ukitaka rangi, funga kipande cha leso au cha kitenge shingoni mwake kwa ulegevu, akikubali. Juu ya manyoya meusi rangi hizo hupendeza mno. Asipokubali, mkanda wake wa kawaida unatosha, ambao kwa kalenda ya kituo kama hiki una maana ya ziada, kwani humwonyesha kuwa mbwa mwenye kwao. Mtoe kwenye mnyororo na mbali na kibanda chake. Ikiwa ana kovu au sikio lililochanika kutokana na maisha yake ya zamani, usilifiche wala usilifute kwa programu. Waandaaji wanatafuta picha zitakazomfanya mtu anayemjua mbwa kama mlinzi wa usiku tu amwone kwa jicho jingine, na uso wa Bosco jinsi ulivyo una uwezo huo.

Fikiria pia mwezi. Waamuzi hawachagui picha kumi na mbili nzuri tu, wanachagua zinazoweza kukaa kila moja mahali pake, nao hupokea nyingi za mbwa aliyeketi kwenye nyasi. Ukungu wa asubuhi ya Julai, au matope ya mvua kwenye miguu yake ikinyesha, yanaweza kumpa nafasi ambayo nyasi zisingempa. Jakaranda za Oktoba zingependeza, lakini zitachanua muda wa mwisho ukiwa umepita. Zipige kwa ajili ya shindano la mwaka utakaofuata.

Uhariri uwe wa kiasi: nyosha mstari wa ardhi, ongeza mwanga kidogo, punguza rangi ya buluu ikiwa kivuli kimemfanya aonekane wa samawati. Usimbadilishie mandhari kwa programu za akili unde bila kusoma masharti ya shindano. Akiwamo mtoto wa mtu mwingine kwenye picha, pata ridhaa ya mzazi wake kwanza, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka hivyo, na picha hii itauzwa hadharani. Picha iliyopigwa na rafiki yako nayo isitumwe kabla hajakuruhusu.

Yapo mambo ambayo ushauri wa maandishi hautoshi. Ikiwa woga wa Bosco umeanza ghafla na hauhusu simu pekee, kwa mfano anakwepa kuguswa, anasita kuketi au kupanda ngazi, huenda ana maumivu, na daktari wa mifugo ndiye wa kuonwa kwanza. Akinguruma, akikakamaa au akionyesha meno, acha papo hapo na usimwadhibu kwa kunguruma, maana mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kuuma bila kuonya. Kieleze kituo ulikomchukua, kwa sababu wanaijua historia yake na wanaweza kukuelekeza kwa mkufunzi anayetumia upole. Usikubali mtu yeyote akushauri kumpa dawa ya kumlegeza kwa ajili ya picha. Na ikitokea amemng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha mtu huyo aende hospitalini siku hiyohiyo hata kama Bosco amechanjwa, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona.

Mambo yakienda sawa, utakuwa na picha nyingi kuliko unavyohitaji. Zifungue kwenye kioo kikubwa, si kwenye simu, na utupe kwanza kila ambayo jicho la karibu si kali, hata kama mengine yote yanapendeza. Zilizobaki mwonyeshe mtu asiyemjua Bosco, kwa sababu wewe unaona ndani yake mapenzi ambayo mwamuzi hatayaona. Peleka mbili, si kumi, na uzipeleke siku nne au tano kabla ya mwisho, ili kituo kikihitaji faili kubwa zaidi kiwe na muda wa kukuuliza.